Damu ya Shemeji

Alikuwa fundi wa maabara ya hospitali kubwa kwa miaka kumi na tisa, mwanamke mkimya mwenye mikono isiyotetemeka. Shemeji yake, kinyozi aliyemwoa mdogo wake, mdomo wake haukulala. "Shemeji," alipenda kumwambia, "wewe unaongea na vichupa, mimi naongea na vichwa. Nani mzima hapa?"

Kinyozi alipoanza kukonda alisingizia vidonda vya tumbo, akameza vidonge vya dukani mwaka mzima. Siku aliyotapika damu mbele ya mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa, ndipo akakubali kupimwa. Saratani ya tumbo, na ilishatambaa hadi kwenye ini. Upasuaji haukuwezekana tena. Ilibaki dawa ya dripu.

Pale maabara walikuwa wakichunguza maikro-RNA, vipande vidogo mno ndani ya seli ambavyo kazi yao ni kuzima jeni. Vya aina fulani vikizidi, huzima hata jeni inayoiamuru seli mbovu ife, na dawa ikipita seli ile haishtuki. Vingine huvujia kwenye damu, vikahesabika. Kinyozi akajiunga na utafiti. Vichupa viliandikwa namba tu, si majina, lakini yeye alikwenda moja kwa moja kumtajia shemeji yake namba yake. "Usinipime kwa chuki," alimwambia.

Baada ya dripu ya tatu uvimbe ulinywea. Akala, akarudi kazini.

Kwenye sampuli ya tano ya damu yake, kipande kimoja kilikuwa kimepanda mara nne. Fundi akarudia kipimo. Akabadilisha kemikali, akarudia tena. Kiwango ni kile kile. Akampelekea majibu daktari wa utafiti.

"Huenda uvimbe umeanza kuizoea dawa," daktari alisema akivua miwani. "Huenda. Kipimo chenyewe bado tunakijaribu, siwezi kubadili matibabu kwa ajili yake. Na hata ningeweza, dada, ningempa nini? Dawa ya kushusha kitu hiki haipo. Dripu nyingine tuliyo nayo, figo zake haziiwezi."

"Basi nimwambie?"

"Majibu ya utafiti hatuyatoi. Ulisaini."

Jumapili fundi alipokwenda kwa mdogo wake, kinyozi alimsukumia kiti. "Enhe, vidubwasha vyako vinasemaje?"

"Havina maneno."

"Kama mwenyewe!" Akacheka mpaka akashika ubavu. Fundi naye akacheka, maana angefanya nini?

Wiki ya sita tangu kipimo kile, picha ilionyesha uvimbe umerudi, na mwingine kando yake. Kinyozi aliishi miezi miwili zaidi. Alikufa asubuhi, mkewe akimsugua miguu.

Siku chache baada ya mazishi, dada hao wawili walikuwa wakikunja nguo za marehemu.

"Dada, ulijua?" mdogo aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuwa bado ananyoa."

Mdogo alinyoosha kola ya shati kwa kiganja, taratibu. "Ungeniambia."

"Hakukuwa na dawa, mdogo wangu. Naapa. Nilikwenda mpaka kwa daktari."

"Sisemi dawa. Ningemfungisha lile duka, akakaa na mimi. Wiki sita zote alikuwa amesimama anakata nywele za watu."

Fundi alikuwa amefikiria dawa tu.