Chupa Nzima

Nerida Pascoe hakuwa mtu wa kupima. Keki alikoroga kwa macho, chumvi alitia kwa vidole, na gauni la harusi la binti yake alilikata kwa kukisia tu, likamkaa sawasawa. Kwa hiyo Lindsay, mumewe, alipofariki na kumwachia bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yao hapa mjini Bundaberg, sikushangaa kuona vikaratasi vya kupimia maji vimetupwa pamoja na soksi za marehemu.

"Nimepika miaka hamsini," aliniambia. "Maji tu ndiyo yanishinde?"

Tulikuwa wanne katika timu ya wanawake ya kuviringisha matufe kwenye nyasi, wote tumevuka sabini. Nahodha alikuwa Thelma Quirk, mwanamke wa amri, ambaye hata mbwa wa majirani walimtii. Wa pili Ilse Brandt, ambaye kwa siku nzima hazidishi maneno kumi. Halafu Nerida, na mimi. Kila Ijumaa mchana tulikuwa tukiingia bwawani kwa Nerida kulainisha magoti, kisha tunakaa barazani kula keki.

Mwaka wa kwanza wa ujane bwawa lilimtii, na hilo ndilo lililomharibu. Mwaka wa pili, wiki ya fainali yetu ya matufe, ikanyesha mvua siku tatu mfululizo, na Jumanne maji yakaamka kijani kama supu ya njegere. Nerida akaenda kwa Desmond Fitch, muuza dawa za mabwawa.

"Niletee kwanza maji kidogo niyapime, mama," Desmond akasema.

"Upime nini? Ni kijani. Ukija kwangu utaona kijani."

Desmond akakata tamaa, akampa klorini na chupa ya dawa ya mwani. "Hii ina shaba ndani. Tia vifuniko viwili, basi. Tena usiichanganye na klorini siku moja."

Kwa Nerida, habari za vifuniko viwili zilikuwa ushauri wa watu wasiojua kupika. Alimwaga chupa nzima. Mchana akaona maji bado yamenuna, akaongeza nusu ndoo ya klorini na kukoroga kwa mpini wa wavu. Kufika Alhamisi maji yaling'aa hadi ungeweza kuhesabu vigae vya chini.

Ijumaa tukaingia. Thelma alikuwa ametoka saluni siku iliyotangulia, nywele nyeupe pee, kwa sababu mpiga picha wa gazeti angekuja kwenye fainali. Tulikaa majini karibu saa nzima, tukatoka, tukajianika juani. Mimi nilikuwa namimina chai, nikamwona Ilse amemkazia Thelma macho.

"Kijani," Ilse akasema.

"Nini kijani?"

"Wewe."

Thelma akakimbilia kioo cha sebuleni. Ukelele alioupiga ulimtoa jirani kwenye choo chake. Nikajishika kichwa, nikaenda kioo hichohicho, nami nikapiga wangu. Nywele zangu nyeupe zilikuwa kijani kama chupa ya mvinyo. Za Ilse vilevile, ila yeye alizitazama mara moja tu akarudi kwenye keki.

"Nerida!" Thelma akang'aka. "Umetupikia nini humo? Na mbona zako hazijageuka?"

Nerida akainamisha kichwa chake cha kahawia. Kwa miaka ishirini alikuwa ametuapia kwamba ile kahawia ni ya kuzaliwa nayo, ya ukoo wa mama yake.

"Zangu nimezipaka rangi, ndiyo imeficha kijani," akanong'ona. "Ya dukani."

"Nilijua!" Thelma akasema, na kwa dakika moja hivi alisahau msiba wake.

Tukampigia simu Desmond. Akauliza, "Umetia vifuniko vingapi?"

"Vyote," akajibu Nerida.

Desmond akaguna, akasema shaba ndiyo imetushika nywele, tujaribu kujipaka sosi ya nyanya, siki yake huitoa. Ndivyo tulivyojikuta barazani watu watatu tumepakwa sosi vichwa vizima, inatutiririka masikioni, wakati tarishi alipoingia getini na pikipiki yake. Barua zikamponyoka.

"Mungu wangu! Niite ambulensi?"

"Lete chipsi," Ilse akamwambia.

Tuliosha, tukapaka tena, tukaosha. Kijani kikapungua hadi kuwa kama tango changa, kikagoma hapo. Jumamosi tukaingia uwanjani na sare zetu nyeupe, tukinuka siki. Nahodha wa timu pinzani alicheka hadi tufe lake likaishia kwenye maua, na raundi nne za kwanza tukawaongoza. Halafu wakatuzoea. Tukafungwa kwa pointi mbili. Lakini gazetini ilitoka picha yetu, na ya mabingwa haikutoka.

Jumatatu Nerida alinipitia, mkononi kashika chupa ya jamu imejaa maji ya bwawa, tukaenda dukani. Desmond akapima, akasonya kidogo kwa adabu, akaanza kutaja tarakimu.

"Sema kwa lugha ya jikoni, mwanangu," Nerida akamwambia.

Desmond akafikiri. "Alkali ni unga, ndiyo inayoshikilia vingine visiyumbe. Tindikali ni limau: ikizidi macho yanawasha na vyuma vinaliwa, ikipungua klorini inasinzia."

"Na hiyo shaba?"

"Pilipili."

"Ungesema pilipili Jumanne," Nerida akasema kwa uchungu, "tusingefika hapa."

Alitoa zaidi ya nusu ya maji, akajaza mapya, na sasa anapima mara mbili kwa wiki, amepiga magoti ukingoni na miwani puani. Huwa anafurahi matokeo yakiwa mabaya kidogo, apate cha kurekebisha.

Thelma aligoma kuja Ijumaa tatu. Ila alininong'oneza mimi kwamba mumewe, Vic, asiyebandua macho kwenye runinga tangu astaafu, alimtazama jioni ile ya fainali akasema, "Leo umependeza, umefanya nini?" Asingependa lijulikane. Ijumaa ya nne akaja. Akakaa ukingoni, akachovya kidole gumba cha mguu, akakitoa, akakikagua juu na chini. Nerida alisimama kando akiwa amebana pumzi.

"Yana joto kiasi," Thelma akasema, akaingia mzimamzima.