Barua ya Wifi Wakati wa Kampeni

Siku wakili wetu aliposhinda kiti cha baraza la jiji, muda wa wifi yangu kukata rufaa ulikuwa umepita kwa siku tisa. Tulikuwa ukumbini tukipiga vigelegele. Wifi alipiga kuliko wote, maana aliamini karatasi zake zilishapelekwa.

Wakili alikuwa Mmarekani. Alivuka mpaka akiwa kijana, akasomea upya sheria za huku, akachukua uraia, akafungua ofisi mtaani kwetu, Mount Dennis, juu ya duka la dobi. Alipokea kesi ambazo wenzake walizikataa. Mume wangu alipata ukaazi kwa mkono wake. Wifi, dada wa mume wangu, alipofika kutoka Pemba akaomba hifadhi, hatukutafuta mwingine.

Alipotangaza kugombea, nyumba yetu ikawa jiko la kampeni. Wengi wetu hatukuwa na haki ya kupiga kura, lakini masufuria tulikuwa nayo.

“Mmarekani akishindwa,” mzee mmoja wa msikitini alinitania, “tutajua ni chumvi yako, si sera zake.”

Katikati ya hayo wifi akapata barua: ombi lake limekataliwa, rufaa ndani ya siku kumi na tano. Nakala ilipelekwa kwa wakili.

“Wifi, niende nimwone leo?” aliniuliza.

“Mtu anahangaikia kura, wewe umfuate na bahasha?” nikamzuia. “Hebu mstahi.”

“Na kama hajaiona?”

“Huyo? Hasahau watu wake.”

Kwetu, aliyekufadhili humbani. Unangoja akumbuke mwenyewe. Wiki ile wifi alimpakulia pilau mara mbili. Yeye akamwamkia “shikamoo”, kama alivyowaamkia wote, hata watoto, na watu wakacheka. Wifi akampa pole ya kampeni. Barua haikutajwa.

Asubuhi baada ya ushindi nilimpigia simu karani wake. Nilisikia akivuta droo, kisha akaniambia nakala yao ameiona. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa.

Diwani mpya alikuja kwetu jioni hiyo. Hakujitetea. Alikaa ukingoni mwa kochi, akaomba radhi, akamkabidhi wifi kwa wakili mwingine. Huyo aliandika kuomba muda uongezwe, na akataka maelezo: kwa nini mteja hakuulizia? Nikala kiapo kwa maandishi kwamba nilimzuia mimi.

Amri ya wifi kuripoti uwanja wa ndege, arudishwe kwao, ilikuja na tarehe yake. Siku nne kabla ya tarehe hiyo, ombi letu la kuongezewa muda lilikuwa bado halijajibiwa.