Neema na Setilaiti ya Saa Tano

Ndugu zangu wa Uvira, mwaka mzima mmeniuliza Neema anafanya kazi gani, nami nimekuwa nikikwepa. Sasa nawajibu. Binti yangu ni mwanajeshi. Alipojiandikisha sikwenda kumuaga. Mnajua wenye magwanda walitufanyia nini kabla hatujakimbilia huku Johannesburg. Tukabaki na salamu za simu tu. Kisha akapiga kusema amepandishwa cheo, sasa ni koplo, na kituoni kwao kuna siku ya familia. "Papa, njoo uone. Mara moja tu."

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliziacha cherehani zangu Rosettenville nikapanda teksi kwenda mjini, kisha nyingine hadi Randburg. Huko alinisubiri na gari lake Bwana Kamau, Mkenya wa benki tunayesali naye. Kila robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ilitusimamisha.

"Baba Neema, mbona kimya?"

"Naogopa."

"Unamwogopa mtoto wako?"

"Nguo yake."

Taa ikawa kijani, akakanyaga mafuta.

Saa nne tulifika. Kati ya vilima vya nyasi kavu palikuwa na lango, na nyuma yake dishi jeupe kubwa kuliko kanisa letu. Tuliacha simu kwa walinzi. Neema akatoka kutupokea. Mimi fundi, nilitazama kwanza mishono ya mabega, ilikuwa imenyooka. Ndipo nikamtazama usoni.

Saa tano tulisimama nyuma ya mstari wa njano katika chumba cha kompyuta. Setilaiti ya hali ya hewa ilikuwa inapita juu, na muda wa kuipokea haufiki robo saa. Dakika zikaenda, kioo kikabaki cheusi. Askari mmoja akataka kuzima mtambo auwashe upya. Kapteni, ofisa mwenye mvi, akamgeukia binti yangu.

"Koplo?"

"Tusizime, bwana. Saa ya mtambo imechelewa, dishi linabaki nyuma ya setilaiti. Nipe dakika moja."

Kapteni akangoja. Chumba kizima kikangoja. Neema akaisahihisha saa. Dishi likasogea kidogo, na picha ikaanza kuingia mstari kwa mstari: nchi kavu, mito, mawingu. Mwisho kabisa, ukingoni, likaonekana ziwa jembamba kama mkato wa mkasi.

"Papa," akaniita mbele ya wote, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "ziwa yetu, ya Uvira."

Nikalitazama mpaka picha ikaisha.

Wakati wa chakula nilimuuliza alisomea wapi. "Humu humu jeshini. Nilianza kwa kusafisha nyaya." Mafuriko yakija, akasema, picha zao huwaonyesha waokoaji pa kwenda. Kapteni akaongeza, "Sisi maofisa tunahamishwa kila mara. Wanaoijua mitambo hii ni hawa waliopanda kutoka chini."

Saa tisa Neema alitusindikiza hadi langoni.

"Siku ile sikuja kukuaga," nikamwambia.

"Najua, Papa."

"Nilikosea."

Alinikumbatia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuguswa na gwanda bila kutaka kukimbia.

Niliondoka nyumbani nikidhani nakwenda kumsamehe mtoto. Nilirudi nimesamehewa mimi. Njia nzima nilimsimulia Bwana Kamau mambo aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe, naye, mstaarabu yule, akanisikiliza kama anayasikia kwa mara ya kwanza.