Kilio Tulichopeleka Krakow

Jumapili iliyopita, sokoni Gare du Midi hapa Brussels, niliwasikia akina mama wawili wakizungumza Kipolandi kwenye meza ya zeituni. Usidhani nakijua, hata asante siwezi kusema. Lakini miguu iligoma kuondoka, na muuzaji akaniuliza mara mbili nataka nini.

Lugha hiyo niliisikia nikiwa mtoto, miaka ya tisini, parokia yetu ya Ixelles ilipokodi basi kwenda kutembelea Krakow, kule Polandi. Bibi, aliyenilea, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Watu walishangaa, maana hata majumba ya kale ya hapa Brussels hakuwahi kutaka kuyaona.

Alinieleza sababu tulipofika. Kule kwetu Kivu kulikuwa na padri mzaliwa wa Krakow, aliyebatiza watoto wote wa bibi na kula sombe yake ya majani ya muhogo hadi kupangusa sahani. Malaria ikamuua, akazikwa misheni. Sasa kwetu, mtu akifia ugenini, aliyekuwepo kifoni huenda kwa ndugu wa marehemu, akakaa chini na kulia pamoja nao. Kwa padri hakuna aliyekwenda. Bibi alikuja kupeleka kilio, na jioni ileile basi lilikuwa linarudi.

Anwani hakuwa nayo. Aliamini ukifika mjini kwa mtu unauliza tu, unaonyeshwa nyumba.

Kiongozi wetu alieleza kwa Kifaransa habari za minara, soko la vitambaa na wafalme waliolazwa chini ya kanisa la kasri. Bibi akaninong'oneza kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Donc, batu banafika kwa muntu, banaanza kuangalia nyumba mbele ya kusalimia?"

Juu ya mnara mtu akapiga tarumbeta, kisha akakata katikati ya wimbo. Watalii wakapiga makofi. Bibi akashika kifua. "Ule naye amepata habari ya kifo!" Kiongozi akasema hapana, ndiyo desturi ya pale, kila saa wimbo hukatwa hapohapo. Sikujua nicheke na wageni au nihuzunike na bibi.

Ndani ya kanisa lenye mnara huo alikuwepo mama mzee wa pale, kitambaa cha maua kichwani, akisali rozari. Bibi alimtazama kitambo, akavua viatu, akakaa sakafuni mbele yake na kuangua kilio, akiita jina la padri. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Mlinzi akaja mbio. Yule mama akamzuia kwa mkono, akashuka polepole kutoka kwenye benchi, akakaa chini, akamshika bibi mabega, naye akalia.

Hawakuwa na neno hata moja la kuelewana. Alimjua padri? Au jina lile wanalo wengi, naye alikuwa na wake wa kumlilia? Sijui hadi leo.

Kwenye basi bibi alikula kwa raha, akawatania wenzake. Nikamuuliza, "Koko, ule mama alikuwa ndugu ya padri?"

"Bon, amelia ao hakulia?" akanijibu. "Basi nimefikisha."

Bibi alifia hapa Brussels. Kanisani tulipewa saa moja, kisha watu wakawahi kazi. Nduguze wa Kivu vita viliwatawanya, na mtaa wao sasa unakaliwa na watu wengine. Kilio chake ninacho bado, na sijui nikakae chini kwa nani.