Siku Niliyojiita Khaemba

Usiniambie ni ndoto. Nimeshaambiwa hivyo na watu waliosoma kuliko mimi, wakanipiga bega, wakaninunulia chai, kisha wakaenda kwao kulala usingizi wao mzuri. Haya yalinipata mchana, macho yakiwa wazi, katika mji wa Bungoma. Na mtoto aliyekuwa karibu kufa kwa sababu yangu yu hai hadi leo, anachunga mbuzi huko Malakisi. Ukitaka, nenda ukamwone. Ila ukirudi, usinitajie jina lake.

Asubuhi ile niliondoka Saboti bila mpango wowote. Nilikuwa nimekamua ng'ombe wa babu, nikaiacha ndoo mlangoni pa jikoni, nikautazama Mlima Elgon uliojifunika ukungu, na miguu ikaanza kuniwasha. Ndivyo nilivyoumbwa. Shule niliiacha darasa la saba, kwa kuwa nilichoka kuulizwa maswali na mtu ambaye majibu anayo tayari. Mimi nilipenda kitu kilichogoma na hakuna ajuaye kwa nini: redio iliyonyamaza, pampu iliyokataa kuvuta maji. Kompyuta nilizijua hivyo hivyo, kwa kusimama nyuma ya fundi mmoja wa Kitale mpaka akachoka kunifukuza.

Pale Kitale nikadandia lori la mahindi. Dereva akaniuliza, "Unaenda wapi?" Nikamjibu, "Unakoenda wewe." Akacheka. Alikuwa anaenda Bungoma.

Karibu na msikiti wa mjini kulikuwa na saiba ya Mama Halima, duka la intaneti. Miaka ile saiba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao, mashine zake zimejaa virusi, na watu wanasubiri barua pepe ifunguke kama wanaosubiri maharage yaive. Nilimsafishia mashine moja bure. Akaniuliza jina, nikamwambia, wala hakulisikiliza.

"Umetoka wapi?"

"Kitale, mama."

"Basi wewe Kitale, keti hapo. Ukiharibu kitu utanijua."

Tangu hapo nikawa Kitale. Bungoma nzima hakuna aliyeniita kwa jina langu. Kumbuka hilo.

Siku moja akaja Wanjala, mkulima wa tumbaku kutoka Malakisi, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya sweta. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Ilikuwa diski ya kompyuta.

"Fundi," akasema, "ndugu yangu yuko humu ndani."

Ndugu yake aliitwa Khaemba. Alikuwa mwalimu, na alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kijana bado, bila mke wala mtoto. Katika maisha yake alitengeneza programu ya kuwafundisha watoto kusoma: unabonyeza herufi, picha inatokea, na sauti yake mwenyewe inalitamka neno kwa Kibukusu. Baada ya kifo chake radi iliichoma mashine. Diski ikapona.

"Hatuna sauti yake popote, isipokuwa hapo," Wanjala akasema. "Na mimi bibi yangu Nekesa amejifungua kijana juzi. Nataka amsikie baba yake mkubwa. Si utajaribu, bana?"

Ningekataaje? Kitu kilichogoma, na hakuna ajuaye kwa nini!

Shida yenyewe ilikuwa hii. Khaemba alitumia mfumo wa Linux, ulio wa ukoo wa Unix, na programu yake iliandikwa kwa mfumo huo. Mashine za Mama Halima zilikuwa za mfumo mwingine, Windows. Hizo mbili hazisikilizani. Lakini ipo programu ya katikati, ukiiweka ndani ya Windows, inaidanganya programu ya Unix kwamba iko nyumbani kwake. Nikaiweka hiyo. Kisha nikaanza kupambana.

Kwanza nilizifungua faili za Khaemba kwa kiandikio cha Windows, nikahifadhi, nacho kikaongeza alama mwishoni mwa kila mstari, alama ambayo jicho haliioni. Programu ikakwama pale pale. Hebu fikiria, nilihangaika kutwa nzima na kitu kisichoonekana. Nilipozifuta alama hizo, picha zikapotea. Khaemba alikuwa na picha mbili zenye jina moja, moja kwa herufi kubwa na nyingine kwa herufi ndogo. Kwa Linux hizo ni mbili. Kwa Windows ni moja, na ya pili ilikuwa imeimeza ya kwanza. Nikazinakili upya kutoka kwenye diski kwa majina tofauti, tukaendelea.

Kikabaki kikwazo kimoja. Nilipoiomba mashine inionyeshe mwenye faili zile, mahali pa jina paliandikwa alama za kuuliza, moja baada ya nyingine, mstari mzima. Mashine iliona kwamba zina mwenyewe, lakini haikumjua. Na programu ilikuwa na sharti: isipofunguliwa na Khaemba, inajifunga. Nadhani aliogopa wanafunzi wasimharibie kazi.

Ningeweza kulitafuta sharti lile ndani ya programu na kuling'oa. Ingekuwa kazi ya siku kadhaa. Lakini mimi nilitaka kuisikia sauti, na nilitaka kuisikia siku ile ile. Ile programu ya katikati ina faili dogo linaloyataja majina ya watumiaji. Nikalifungua. Nikafuta jina langu, nikaandika la Khaemba. Ipo amri ya kuiuliza mashine, "Mimi ni nani?" Nikaiandika.

Ikajibu: khaemba.

Nikafurahi, niamini. Nikafungua programu, nikabonyeza herufi ya M, na sauti ya mwanamume, nzito kidogo, ya upole, ikasema, "Mulembe." Ndiyo salamu ya Wabukusu. Mama Halima akainua kichwa kule mlangoni.

"Kitale, nani huyo ameingia?"

"Hakuna mtu, mama. Ni kompyuta."

"Ati kompyuta," akasema, na akaendelea kuangalia mlango.

Kesho yake Wanjala akatokea, lakini hakuja kwa ajili ya diski. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka hospitali na mkewe na mtoto.

"Tangu jana hanyonyi, analia tu. Hospitari wanasema hana kitu. Mtoto anaisha, fundi, na wanasema hana kitu!"

Akanieleza desturi yao. Mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka kurudi kwa jina. Basi nyanya wa nyumba, ambaye wao humwita Kukhu, huyataja majina ya waliokufa, moja moja, huku mtoto amewekwa kwenye titi. Likitajwa lililo lake, hunyamaza na kunyonya.

"Ametaja yote. Alipofika kwa Khaemba, mtoto akanyamaza, akageuza shingo akaangalia mlango. Tukangoja. Halafu akaanza tena, vibaya kuliko mwanzo. Kukhu anasema Khaemba ameitika, lakini kuna mtu amemshika njiani."

Wewe unayenisikiliza umeshaelewa. Mimi sikuelewa, au sikutaka. Nilimpa pole, wakaenda zao Malakisi.

Alasiri mvua ikashuka, ile ya Bungoma inayopiga mabati mpaka huwezi kujisikia. Stima ikapotea, taa na mashine zikazimika. Wateja wakatoka, Mama Halima akavuka kwenda msikitini. Nilikuwa peke yangu, nimeegemea ukuta. Ndipo nikasikia vidole vinabonyeza herufi.

Kwenye mashine ya pembeni, ile niliyoiwekea programu ya Khaemba, ameketi mtu. Amenipa mgongo. Shati lake lilikuwa kavu.

"Boss, stima hakuna," nikamwambia. "Rudi kesho."

"Si umeniita?" akasema, na vidole havikusimama.

"Mimi? Sijamwita mtu."

"Kuniita kungekuwa afadhali. Wewe ulisema wewe ni mimi."

Ilikuwa sauti ile, nzito kidogo, ya upole. Sauti ya herufi. Nilitaka kukimbia, lakini mlango ulikuwa upande wake.

"Nyumbani wananiita," akasema. "Nafika mlangoni, mtoto ananiona. Lakini siwezi kuingia, kwa sababu Khaemba tayari yuko. Yuko Bungoma, anakunywa chai. Sasa niambie, kama wewe ni mimi, mimi niende wapi?"

Hakugeuka. Lakini skrini ilikuwa imezimika, nyeusi kama maji ya kisima, na ndani ya kioo chake niliuona uso wake. Ulikuwa huu unaozungumza nawe.

Stima ikarudi. Kiti kikawa kitupu. Nikaiwasha mashine, nikafungua lile faili dogo, nikalifuta jina la Khaemba, nikaandika langu, nikahakikisha. Kisha nikauliza, "Mimi ni nani?"

Khaemba, ikajibu.

Nikafuta tena. Nikaifuta programu ya katikati, nikaiweka upya. Nikauliza. Khaemba.

Sikumsubiri Mama Halima. Nikachukua koti na diski, nikatafuta gari la Malakisi. Nilipoingia nyumbani kwa Wanjala, alinipokea kwa mikono miwili, akidhani nimeleta faraja. Mtoto hakuwa analia tena kwa nguvu. Alikuwa anatoa kile kisauti cha mwisho, mwepesi kama ganda la hindi mapajani mwa mama yake. Nekesa hakuniangalia hata mara moja. Nikapiga magoti mbele ya Kukhu nikamweleza kila kitu, diski, jina, mtu wa pembeni. Sidhani alijua kompyuta ni nini. Lakini alinielewa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwelezea kazi yangu.

"Ulimvaa kama koti ya mtu," akasema. "Sasa mvue. Mwambie mtoto wewe si yeye."

Nikamwinamia mtoto. "Mimi si Khaemba."

Kile kisauti kikaendelea.

"Wewe ni nani, basi? Mwambie! Atajuaje?"

Nikamwambia. Nililitaja jina langu, lile nililopewa Saboti, ambalo tangu nilipomtajia Mama Halima halikuwa limetoka kinywani mwa mtu.

Mtoto akanyamaza. Akafumbua macho, akanitazama, akageuka akalitafuta titi. Akanyonya, tukasikia wote anavyomeza. Nekesa akaangua kicheko na machozi pamoja. Nami nikacheka. Kisha nikaona kwamba tunacheka wawili tu.

Wanjala, aliyenishika mikono nilipoingia, alikuwa anapangusa viganja vyake kwenye suruali. Kukhu alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Kukhu, si amenyonya?" nikauliza. "Si amepona?"

"Amepona, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya huruma, na ndiyo iliyoniogopesha. "Lakini mtoto hanyamazi kwa jina la mtu aliye hai."

Hakuna aliyeniambia nitoke. Hakuna aliyenikaribisha kukaa. Niliiacha diski juu ya stuli.

Najua unalotaka kusema. Kwetu pia majina hurithiwa, na langu ni la babu, kwa hiyo labda babu alikuwa amekufa, na mtoto alimtaka yeye. Nilijishikiza kwenye wazo hilo njia nzima, mpaka nikapata simu ya kupiga Saboti. Babu mwenyewe ndiye aliyepokea. Alikuwa ametoka shambani. Aliuliza, "Ni nani?" Nikakata simu.

Kutoka Malakisi nilitembea hadi Lwakhakha, mpakani, ambako nilikuwa sijawahi kufika. Kulikuwa na lojing'i, nyumba ya kulala wageni, nyuma ya duka la nafaka. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata macho.

"Chumba kipo. Jina?"

Nikafungua kinywa nilitaje jina langu. Nilikuwa nalo kichwani, naliona kabisa.

"Khaemba," nikasema, kwa ulimi wa Malakisi ambao sikujifunza popote.

"Karibu, Khaemba," akasema, akanipa ufunguo.

Tangu siku hiyo nimelala katika miji mingi. Sijawahi kuketi mbele ya kompyuta tena. Nawe, ukiipata mashine ya marehemu, vunja mlango wake kama huna budi, ng'oa masharti yake, poteza siku zako zote. Lakini ikikuuliza wewe ni nani, usijibu kwa jina la mtu aliyezikwa. Kuna wanaosikia.

Huenda umegundua kwamba tangu nianze kukusimulia sijakutajia jina langu. Sikusahau. Lina mwenyewe sasa, na anakua.