Kohozi la Afande

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja pale Jinja, mkuu wa maabara alinikabidhi trei ya vikopo vya makohozi kabla hata sijaketi. "Mate mwaga," aliniambia. "Mate hayajui lolote kuhusu mapafu. Sisi tunataka kinachotoka chini." Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi na maneno mengi magumu kichwani. Kufikia adhuhuri nilielewa kwamba kazi yangu ni kuwabembeleza watu wazima wakohoe sawasawa.

Hawakutaka. Wavuvi wa Masese, wakulima wa Budondo, wote walitema mate kidogo kwa adabu, wakafuta midomo, wakarudisha kikopo. Nikiwarudisha nje, wananinunia. Kohozi zuri likipatikana tulilipaka kwenye slaidi, tukalitia rangi, tukatafuta kwa darubini vijidudu vyekundu vya kifua kikuu. Tusipovipata, mara nyingi mgonjwa alipewa dawa za kifua kikuu vilevile, kwa sababu kikohozi cha muda mrefu kilikuwa na jina moja tu. Saratani ya mapafu tuliitambua mgonjwa akiwa amebaki mifupa. Hilo liliniudhi tangu mwanzo, na sikuona kama linamuudhi mtu mwingine.

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa Mbale, na huko ukaja mradi wa utafiti. Msimamizi wake, daktari mwenye subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo, alitueleza kwamba saratani haianzi na uvimbe. Huanza ndani ya seli, pale jeni, yaani maagizo ya urithi yanayoiongoza seli, yanapoharibiwa na moshi wa sigara. Seli hizo hubanduka, hutoka na kohozi, na ule uharibifu ni alama inayoweza kusomwa pengine kabla eksirei haijaonyesha kitu. Alama haikuwa hukumu. Ilikuwa sababu ya kumchunguza mtu kwa karibu. Sisi tulikusanya makohozi, tukayahifadhi kwenye spiriti, tukayapeleka Kampala kwenye mashine ya kunakili vipande vya jeni.

Tuliwatafuta wavutaji wakubwa, na mkuu wa gereza moja la huko alikuwa bingwa wao. Alivuta tangu enzi zake za jeshi, na kikohozi kilikuwa kinamkata maneno kwenye gwaride. Nilimpa kikopo, nikamweleza akohoe kwa nguvu akiamka asubuhi. Kikopo kilirudi kimejaa vizuri. Majibu ya Kampala yakaja: hakuna alama. Nilifurahi kwa ajili yake.

Lakini miezi ikapita, akaanza kukohoa damu. Mkuu wangu wa maabara pale Mbale akaitoa slaidi ya akiba tuliyoipaka kutoka kikopo kile, akaitazama kwa darubini. "Mvutaji sigara, seli zinazolinda mapafu yake hujaa masizi," alisema. "Hizi ni safi kabisa. Huyu mtu hajawahi kushika sigara."

Nilikwenda gerezani nikiwa nimefura.

"Afande, kile kikopo alikohoa nani?"

"Koplo wangu. Ule iko na kifua ya nguvu."

"Mimi nilitaka kifua chako."

"Musawo," alisema, maana ndivyo wanavyotuita sisi wa hospitali, "mimi ni mkubwa hapa. Natema makohozi asubuhi, askari nasimama naangalia? Sasa koplo ni ya kazi gani?"

Sikujua nicheke au nilie. Koplo alimpigia pasi, alimbebea mkoba, alimsimamia hata foleni ya benki. Mzee wa watu hakuona kwa nini kohozi liwe tofauti. Nami nilimgombeza pale pale, licha ya cheo chake na nyota zake zote mabegani.

Alikohoa mwenyewe kesho yake, nyuma ya nyumba, nikiwa nimempa mgongo. Safari hii alama ilikuwepo. Ila sasa hata eksirei iliuona uvimbe, na daktari wa upasuaji akasema umekwisha kusambaa, hauwezi tena kukatwa.

Nilimkuta wodini, amekonda, koplo amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Musawo, leta kikopo ingine," aliniambia. "Sasa nitakohoa mbele ya gwaride yote."

"Hatukihitaji tena, Afande," nilimjibu.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana wananiambia siku hizi alama kama zile zinatafutwa hata kwenye damu, na wananiuliza kama shida yetu ilikuwa vifaa duni. Mashine ya Kampala haikukosea. Ilisoma kwa uaminifu mapafu ya koplo. Wajukuu wangu wakisikia kisa hiki hucheka mpaka machozi, nami huwaacha wacheke, maana kinachekesha kweli. Mimi bado nina hasira na yule mzee. Natamani angekuwa hai, nimgombeze tena.