Chumvi ya Siku ya Wazazi

Nilisimamisha gari langu Mikumi nile nyama, kama mtu mwenye stashahada yake na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Nikatikisa kikopo cha chumvi, haikutoka.

"Imeshikana, bosi. Igonge mezani," mhudumu akasema.

Sikuigonga.

Shuleni kwetu, huko ndani Kilosa, mwalimu alinichagua mimi niwaonyeshe wazazi kwamba chumvi kavu haipitishi umeme. Ayoni zake, zile chembe zenye chaji, zimeshikana, hazitembei mpaka maji yaziachanishe. Nyumbani nilijitapa mpaka ndugu zangu wakanichoka. Mama aliikaanga chumvi ile kwenye sufuria, ikawa inalia kama bisi, ili ikauke kabisa. Asubuhi nikashughulika na kupiga pasi shati, nikaisahau chumvi.

Mama akaileta mwenyewe shuleni, mbio kwenye mvua, ameifunga kwenye pindo la khanga. Niliimwaga sahanini, nikagusisha nyaya za taa, nikatangaza, "Haiwaki!"

Taa ikawaka.

"Profesa! Profesa wa chumvi mbichi!" wenzangu wakapiga kelele, na wazazi wakacheka.

"Hii imelowa," mwalimu akasema. "Kaileta nani?"

Nikamnyooshea mama kidole. Alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika hadi miguuni.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Nimemharibia mwanangu."

Mhudumu alirudi, akaniuliza kama aniletee chumvi nyingine.

"Hapana, mdogo wangu."

Nikala nyama yangu hivyohivyo, chapwa, mpaka ikaisha.